Sifa za Aliyeshindwa

Wako wasemao kwamba mapigano ya panga katika sinema za zamani ni upuuzi mtupu: shujaa huruka, adui huanguka, watazamaji hupiga makofi. Mimi nakataa. Upuuzi haumo katika mapigano. Umo katika makofi yetu, kwa kuwa twampigia mmoja na kumsahau aliyestahili zaidi.

Mtazameni Basil Rathbone. Katika "Captain Blood" ya mwaka 1935 aliuawa ufuoni na Errol Flynn. Katika "The Adventures of Robin Hood" ya 1938 akauawa na Flynn yuyo huyo. Katika "The Mark of Zorro" ya 1940 akauawa na Tyrone Power. Lakini Rathbone ndiye aliyejifunza sanaa ya upanga kwa bidii hata akampita Flynn kwa ustadi. Na Fred Cavens, Mbelgiji aliyewafundisha pigo na kinga katika filamu zote tatu, ni nani amkumbukaye?

Fikirini: pigo moja lililokosa kipimo lingaliweza kumtoboa mtu jicho. Uzuri wa mapigano yale ulimtegemea yule aliyejua kushambulia kwa ukali bila kumdhuru mwenziwe, kisha akaanguka wakati wake ulipofika. Ushindi ulitolewa na mwandishi wa hadithi. Ustadi ulipatikana kwa jasho.

Basi, enyi vijana, mtazamapo filamu hizo, uangalieni mkono wa anayeshindwa. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nami naongeza: asiyemheshimu aliyeshindwa hajui kutazama.