Daftari la Wiki: Muthokoi, Boma na Fuvu la Lukenya

"Dawa ya kisukari yapatikana." Habari hii nimeletewa na watu wengi wiki hii, kuanzia Athi River hadi Machakos mjini. Ukiisoma hadi aya ya mwisho ndipo unapoambiwa kwamba waliopata nafuu ni panya wa maabara. Kuna mgonjwa atakayeacha vidonge vyake kwa sababu ya kichwa hicho cha habari, na hilo linanikasirisha mno. Aliyepimwa ni nani? Swali hilo liulizwe kwanza, kabla ya mengine yote.

*

Pale Kyumbi, magari yanapokata kona kuelekea Machakos, kuna mama anayeuza muthokoi kwa kipimo cha mkebe. Mahindi yake ni meupe na safi, yamevuliwa maganda yote. Nilimuuliza, "Mama, haya makapi unayapeleka wapi?" Akanijibu bila kuinua macho kwenye uteo wake, "Kwa ng'ombe, mwanangu. Na kuku."

Jibu hilo sijaweza kulisahau tangu nirudi nyumbani Lukenya, maana sumu ya kuvu, aflatoksini, hukaa kwa wingi kwenye ganda na kiini cha mbegu. Mwaka 2008 Christopher Mutungi na wenzake walichapisha utafiti kuhusu kinachotokea kwa sumu hiyo mahindi yanapogeuzwa kuwa muthokoi. Kukoboa peke yake kulipunguza sumu kwa karibu nusu, kwa wastani. Kuloweka na kuchemsha kwa maji ya magadi kuliipunguza zaidi. Kemia yake ni ya kupendeza: molekuli ya aflatoksini ina pete ambayo magadi huifungua, na pete hiyo ikishafunguka, ukali wa sumu hupungua. Bibi zetu wa Ukambani waliokuwa wakitwanga kwa kinu na mchi, wakipepeta, kisha wakitia magadi sufuriani ili mahindi yaive haraka, walikuwa wakiifanya kazi hiyo ya kemia kila jioni.

Lakini nawasihi wasomaji wasiishike nusu moja ya habari hii na kuiacha nyingine. Kupunguza si kuondoa. Pete ile inaweza kujifunga tena ikikutana na asidi, na tumboni mna asidi. Mahindi yaliyooza kabisa, hata ukiyatoa nusu ya sumu, iliyobaki inaweza kutosha kuua. Na yale makapi yaliyobeba sumu nyingi ndiyo anayolishwa ng'ombe. Ini la ng'ombe huigeuza aflatoksini kuwa aina nyingine inayotoka na maziwa, na maziwa hayo ndiyo chai ya watoto asubuhi. Tunaitoa sumu mlangoni na kuirudisha kwa dirisha.

Kwetu hili si jambo la vitabuni. Mwaka 1981, hapa Machakos, watu 20 walilazwa kwa ugonjwa wa ini uliotokana na mahindi haya, na 12 wakafa. Mwaka 2004 ukaja msiba mkubwa zaidi: wagonjwa 317 walioorodheshwa na vifo 125, wengi wakiwa Makueni na Kitui, na Machakos nayo ikiwemo. Wachunguzi walipopima mahindi ya sokoni, zaidi ya nusu ya sampuli zilizidi mikrogramu 20 kwa kilo, na asilimia 7 zilizidi 1,000. Kiwango kinachoruhusiwa Kenya leo ni 10. Waliougua zaidi walikuwa familia zilizohifadhi mahindi ya shamba lao yakiwa bado na unyevu. Hawakuwa wazembe. Palikuwa na njaa, na mwenye njaa hawezi kuyaacha mahindi yakauke shambani hadi mwisho.

Dawa ya shambani ipo, na inatengenezwa Katumani, kilomita chache kutoka Machakos mjini. Inaitwa Aflasafe KE01. Ni mtama uliopakwa kuvu wa jamii ileile, ila wa nasaba zisizotengeneza sumu. Mkulima huumwaga shambani wiki mbili tatu kabla ya mahindi kutoa maua, kilo nne kwa ekari, na kuvu huyo huwahi nafasi kabla ya mwenzake mwenye sumu. Hakuna mtambo wala umeme unaohitajika, ni mikono na mvua tu. Basi kwa nini kila ninapoingia duka la pembejeo kuulizia, naonyeshwa mbolea na dawa ya viwavi? Serikali ya kaunti ingenunua mtama huo na kuugawa pamoja na mbegu za ruzuku, ingeokoa maini ya watu wengi kuliko hospitali yoyote itakayojengwa. Nimeliandika hili kabla ya leo na nitaliandika tena.

*

Boma la ng'ombe lililohamwa nilikuwa nikilipita bila kuligeukia. Sasa nasimama. Watafiti wakiongozwa na Klaus Butterbach-Bahl walipima hewa inayotoka kwenye samadi ya maboma, ikiwemo ya ranchi ya utafiti ya Kapiti, jirani yetu upande huu wa Machakos. Matokeo yao ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba boma huendelea kutoa nitrasi oksaidi hata miaka 40 baada ya ng'ombe kuondoka. Gesi hiyo huzidi kaboni dioksaidi mara 270 hivi katika kuipasha dunia joto.

Kabla hujamlaumu mfugaji, soma na karatasi ya pili. Mwaka 2018 Fiona Marshall na wenzake walichunguza maboma ya wafugaji wa kale kule Narok, yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700, wakakuta udongo bado una rutuba na nyasi tamu zinazowavuta wanyamapori hadi leo. Samadi ileile imeineemesha savana kwa maelfu ya miaka. Sioni sababu ya kumchapa mfugaji kwa karatasi ya kwanza huku ya pili ikifichwa. Mpeni zote mbili, na mwambieni kwamba samadi ikizolewa na kupelekwa shambani, inalisha mahindi badala ya kurundikana bomani.

*

Asilimia 26. Hicho ndicho kiwango ambacho dawa ya ivermektini ilipunguza maambukizi mapya ya malaria kwa watoto wa Kwale, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2025. Mbu anayemnyonya mtu aliyemeza dawa hiyo hufa. Ni habari njema, na inatosha ikisemwa hivyo ilivyo. Chandarua bado kinahitajika.

*

Wageni wanaokuja mlima Lukenya kupanda miamba hawajui wanakanyaga nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Richard Gramly alichimba kwenye eneo linaloitwa GvJm-22 na kupata kipande cha fuvu la binadamu. Mwaka 2015 Christian Tryon na wenzake, akiwemo Emma Mbua, wakatangaza umri wake: kati ya miaka 22,000 na 24,000, wakati wa kilele cha enzi ya barafu. Umbo lake halifanani sawasawa na mafuvu ya Waafrika wa nyakati za karibu. Afrika ilikuwa na watu wa aina nyingi zaidi kuliko tunaowaona leo, na mmojawao aliishi hapa.

Mifupa ya wanyama iliyokutwa mlimani inasisimua vivyo hivyo: choroa, punda milia wa Grevy ambao leo tunawafuata Samburu, na swala mmoja mwenye meno marefu ya kutafuna nyasi kavu, ambaye ametoweka kabisa duniani. Hata vijiwe vyeusi vya kioo vilivyochongwa na watu hao, kemia yake inatuambia vililetwa kutoka Bonde la Ufa. Mtoto wa shule ya msingi hapa Lukenya anastahili kuyajua haya kabla ya kuyajua mapiramidi ya Misri. Fuvu limetoka kwetu, na habari zake zirudi kwetu.

*

Wanawake 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda walidungwa dawa ya lenakapaviri mara moja kila miezi sita. Matokeo yakatoka Juni 2024: hakuna hata mmoja aliyeambukizwa Virusi Vya Ukimwi. Nilipoyasoma mara ya kwanza nililia. Mabinti wa Uganda waliokubali kudungwa, na wenzao wa vijiji vilevile, wawe wa kwanza kwenye foleni.

*

Wasomaji wameniuliza watajuaje kama mahindi yamekauka, nao hawana kipima unyevu. Chukua chupa kavu ya glasi yenye kifuniko. Tia mahindi hadi robo yake, kisha chumvi kavu vijiko viwili vitatu. Funika, tikisa kwa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikigandia kwenye glasi, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha mahindi juani juu ya turubai. Isipogandia, unyevu uko chini ya hapo, ila ongeza siku nyingine ya jua, kwa maana ghalani tunataka asilimia 13.5. Mahindi ya chupani usiyarudishe guniani, yana chumvi.