Tajiri wa Lori Aulizwe Kwanza

Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu wakamiminika kuiteka. Moto ukalipuka, ukaua zaidi ya watu 100. Wako wasemao kwamba waliponzwa na tamaa. Hayo ni maneno ya kukwepa lawama! Mvuke wa petroli hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na cheche moja huutosha. Nani aliwafundisha hayo? Mwenye kupitisha hatari katika njia ya watu wote, na serikali impayo ruhusa, ndio wapaswao kuwalinda: alama ya hatari ubavuni mwa lori, dereva aliyefunzwa, na njia kufungwa mara lipindukapo. Basi maskini asihukumiwe kabla tajiri wa lori hajaulizwa wajibu wake.