Damu kwenye zulia si doa tu
Waosha mazulia wa Kitale na Bungoma huitwa pia palipomwagika damu, na anayekwenda na brashi na mikono mitupu anahatarisha maisha yake. Virusi vya homa ya ini aina ya B hudumu nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata damu ikikauka, na kusugua hurusha matone. Watasema glavu, miwani na chanjo ni gharama. Ni kweli, lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamdai mwajiri vifaa vya kujikinga, na aliyejiajiri aviingize katika bei yake. Sehemu iliyolowa damu hadi chini isibembelezwe kwa sabuni: ikatwe, iteketezwe. Nawe mteja, mwambie mwoshaji kilichomwagika kabla hajapiga magoti.