Hata huku Dodoma tunaambiwa ni fangasi

Usidhani ni madaktari wa ughaibuni tu wanaoshindwa kutambua mzio wa dawa kwenye ngozi nyeusi. Mama mdogo wangu wa Mpwapwa aliandikiwa Septrin ya kifua. Kesho yake mdomo umevimba, na doa jeusi la mviringo limetokea mkononi, pale pale lilipotokea zamani alipomeza SP ya malaria. Daktari hata hakuinua macho: "Fangasi hiyo, mama." Akapewa dawa ya kupaka, na Septrin aendelee nayo!

Dawa zote mbili zina salfa, na mzio wa salfa wa aina hii una kawaida ya kurudia mahali pale pale. Yakianza malengelenge mdomoni na macho kuwa mekundu, acha dawa, kimbilia hospitali usiku huo huo.

Kupuuzwa huku si kwa leo: wazee wanakumbuka klorokwini, dawa nyingine ya malaria, ilivyotuwasha kabla Tanzania haijaiacha 2001. Wazungu haikuwawasha hivyo, basi tukaonekana tunadeka.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina fomu ya njano ambayo mhudumu huijaza kuripoti madhara ya dawa. Mwombeni aijaze. Akisema fomu zimeisha (atasema tu), jina la dawa liandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari la matibabu.