Tuulize Pia Mgonjwa wa Sonona Amekula Nini

Dodoso la maswali 9 linalotumika sana kupima ukali wa sonona lina swali moja tu linalogusa chakula: je, katika wiki 2 zilizopita umekosa hamu ya kula, au umekula kupita kiasi? Mgonjwa hujibu, mhudumu huandika namba, kisha mazungumzo huhamia kwenye swali linalofuata, la kujiona mtu asiye na thamani. Hakuna anayeuliza kilichokuwa sahanini jana. Kwa maoni yangu hilo ni pengo, na hapa Arusha lina uzito wa pekee, kwa kuwa tunaishi chini ya mlima unaotulisha vizuri huku wengi wetu mjini tukila vibaya.

Nianze na ushahidi, maana katika jambo hili maneno ni mengi kuliko vipimo. Tafiti zinazoangalia jamii kubwa zimeonyesha mara kwa mara kwamba watu wanaokula mboga, matunda, jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa na samaki hupatwa na sonona kwa kiwango kidogo kuliko wanaotegemea vyakula vya kukaangwa, vya sukari na vilivyosindikwa sana. Lakini msomaji makini atauliza: kipi kilitangulia? Sonona yenyewe huharibu ulaji. Aliyekata tamaa haendi sokoni. Hununua kilicho karibu, au hali kabisa. Kwa hiyo tafiti za namna hiyo peke yake hazitoshi.

Mwaka 2017 watafiti wa Australia wakiongozwa na Felice Jacka walichapisha jaribio lililojibu sehemu ya swali hilo. Watu wazima 67 wenye sonona ya kiwango cha kati hadi kali, wengi wao wakiwa tayari katika matibabu, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata ushauri wa mtaalamu wa lishe, na jingine lilipata mtu wa kuzungumza nalo kirafiki kwa muda unaolingana. Baada ya wiki 12, asilimia 32 ya kundi la lishe walikuwa wamepona kwa vipimo vya sonona, dhidi ya asilimia 8 ya kundi la pili. Matokeo hayo yanatia moyo, ila washiriki walikuwa wachache, na kila mmoja alijua yuko kundi gani. Kwa ugonjwa unaoguswa sana na matumaini, hilo si jambo dogo.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi unatoka kwa majirani zetu wa Kilimanjaro. Mwaka 2025, watafiti wa KCMC ya Moshi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha katika jarida la Nature Medicine matokeo ya utafiti uliohusisha wanaume 77 wenye afya njema. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini walilishwa kwa wiki 2 chakula cha mtindo wa kimagharibi, chenye vitu vingi vya kukaangwa na vilivyosindikwa. Waliozoea chakula cha mjini walipelekwa upande wa pili: ndizi, mboga za majani, maharage, ulezi. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki 1. Katika damu ya kundi la kwanza, viashiria vinavyoonyesha kwamba kinga ya mwili imewaka kana kwamba kuna adui ndani vilipanda. Kwa waliorudi kwenye chakula cha asili na kwa waliokunywa mbege, vilishuka. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yakionekana wiki 4 baadaye.

Utafiti huo haukupima sonona, na washiriki wote walikuwa wanaume vijana. Unatuhusu kwa sababu sehemu ya wagonjwa wa sonona, si wote, huonekana kuwa na hali hiyo hiyo ya kinga iliyowaka kwa kiwango cha chini na kwa muda mrefu, na tunaamini ni mojawapo ya njia ambazo chakula hufika kwenye ubongo. Kuhusu mbege niseme wazi, kwa kuwa habari hiyo ilipokelewa vilabuni kwa shangwe isiyostahili. Mbege ina kilevi. Kilevi na sonona ni marafiki wabaya, na mtu anayetumia dawa kama amitriptilini atalewa na kusinzia zaidi ya alivyokusudia. Mwenye kutaka faida ya vyakula vilivyochachuka ana mtindi.

Tena mtindi tunao, na matumizi yake tunayajua tangu zamani. Loshoro ya Waarusha na Wameru, yaani mahindi yaliyopikwa na kuchanganywa na maziwa ya mgando, ni chakula ambacho mtaalamu wa lishe wa leo angekisifu bila kukihariri sana. Makande ni mahindi na maharage katika chungu kimoja. Soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi hujaa mnavu, mchicha, figiri, majani ya maboga, parachichi na ndizi. Kituo cha Selian kimezalisha mbegu za maharage zinazolimwa mbali nje ya mkoa huu. Dagaa wa Ziwa Victoria hufika Soko la Kilombero wakiwa wakavu, na kwa bei ya fungu moja humpa mlaji protini pamoja na aina ya mafuta ya samaki ambayo ubongo huyahitaji. Ninaona haya kidogo ninaposikia mgonjwa ameshauriwa kutafuta mafuta ya zeituni na lozi. Waaustralia walitumia vyakula vya kwao. Sisi tutumie vya kwetu, kwa tahadhari mbili: magadi mengi kwenye makande huua baadhi ya vitamini za kundi B, na dona, ambayo ni bora kuliko sembe, iwe ya mahindi yaliyokaushwa na kuhifadhiwa vizuri. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 ilitoka kwenye mahindi.

Kama vyote hivi vipo, kwa nini jioni kijana wa Ngarenaro au Sombetini anakula chipsi mayai? Ni kwa sababu anaishi chumba kimoja, amerudi saa 2 usiku, na maharage yanataka mkaa wa saa 2 nyingine. Miezi ya masika, watalii wanapopungua, waongozaji na wapagazi wa mlimani hukaa bila kipato, na sahani ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Kumhubiria mtu huyo kuhusu lishe bora bila kuuliza jiko lake likoje ni kupoteza muda wake. Ushauri unaofaa ni mdogo na wa kweli: mchana apite kwa mama lishe, achukue ugali, maharage na mboga za majani, parachichi na ndizi mbivu aende navyo nyumbani, havihitaji moto.

Sonona nayo huondoa nguvu za kupika. Mtu ambaye kuoga kumemshinda hawezi kuambiwa akachambue mnavu. Hapo ndipo ninapoona hekima ya desturi za uzazi za maeneo haya, ambapo mama aliyejifungua hukaa ndani miezi kadhaa akiletewa mtori na maziwa na wanawake wa ukoo. Chakula kilikuja pamoja na mtu. Mjini mama huyo hubaki peke yake na mtoto, akila chai na mkate, na baada ya wiki kadhaa analia bila kujua sababu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Uchovu na kukosa umakini vinavyoletwa na upungufu huo hufanana sana na sonona, na mara nyingine huchanganyika nayo. Kipimo cha damu kifanyike kabla ya kuhitimisha.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni makopo. Wauzaji wa virutubisho huwaendea wagonjwa wetu na unga na vidonge vinavyodaiwa kutibu msongo, usingizi na sonona kwa pamoja. Mgonjwa hutoa fedha ya mwezi mzima, kisha huacha dawa ghafla, na ndani ya siku chache anapata kizunguzungu, wasiwasi na usingizi wa mang'amung'amu. Mwaka 2019 jaribio lililofanyika Ujerumani, Uholanzi, Hispania na Uingereza kwa zaidi ya watu 1,000 wenye uzito mkubwa na dalili za awali lilionyesha kuwa vidonge vya virutubisho kwa mwaka mzima havikuzuia sonona kuliko vidonge visivyo na dawa. Haki inanilazimu niongeze kwamba ushauri wa ulaji katika jaribio hilo nao haukuzuia sonona kwa wastani. Ndiyo maana ninakiweka chakula kando ya dawa na mazungumzo ya tiba. Hakichukui nafasi ya chochote kati ya hivyo, na mwenye mawazo ya kujiua anahitaji hospitali leo hii.

Ninachopendekeza kwa wenzangu ni maswali matatu katika faili la kila mgonjwa wa sonona: jana ulikula nini, saa ngapi, na ulikula na nani? Yanachukua dakika 2. Jibu la swali la tatu mara nyingi hueleza zaidi ya yale mawili ya mwanzo, na ndugu aliyemsindikiza mgonjwa, akiwa nje kwenye benchi, aitwe ashiriki. Mgonjwa akijibu kwamba hajala tangu jana mchana, mazungumzo ya mnavu na dagaa yasubiri. Aulizwe kwanza kama nyumbani chakula kipo.