Alama za Braden Hazimgeuzi Mgonjwa

Hoja iliyochapishwa kwamba kipimo cha Braden, kilichobuniwa Marekani na Barbara Braden na Nancy Bergstrom na kuchapishwa mwaka 1987, kinatosha kumlinda mgonjwa mtu mzima dhidi ya vidonda vya mgandamizo, yaani majeraha ya ngozi na nyama yanayotokana na kulalia sehemu moja kwa muda mrefu, inachanganya hatari ya jeraha na jeraha lenyewe. Kipimo hicho hujumlisha alama za vipengele 6, vikiwemo unyevu wa ngozi na lishe, na jumla ya 18 au chini huashiria hatari. Lakini hakuna kipengele kinachomtaka muuguzi amgeuze mgonjwa na kumkagua makalio na visigino, hivyo aliyepata 20 anaweza kuwa ameshajeruhiwa. Isitoshe, wekundu usiofifia unapobonyezwa kwa kidole, ambao ndio dalili ya hatua ya kwanza, hauonekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi, na hapo (mtetezi wa alama amelipita hili kimya, ajabu kweli) muuguzi hulazimika kupapasa, akilinganisha joto na ugumu wa sehemu hiyo na ngozi ya jirani, na kumuuliza mgonjwa kuhusu maumivu. Hata ngozi iliyobanwa na mrija wa oksijeni nyuma ya sikio haimo katika jumla hiyo.