Kabati la zamani si kuni



Nilipoolewa, nilikuta katika saloni ya mama mkwe kabati refu la zamani za Wabeleji. Mlango mmoja haupo, kioo kimepasuka, miguu imeliwa na mchwa. Mimi, mwalimu mwenye diploma ya ISP, niliona haya wageni wakiingia. Siku moja nikamwambia: «Mama, hili tulipasue liwe kuni, tununue jipya.» Hakukasirika. Alisema tu: «Keti kwanza, mwanangu.»

Akanieleza. Baba yake alifundishwa useremala kwa misheni. Aliona kabati katika nyumba ya Mbeleji, naye akajitengenezea la mfano ule kwa mbao za pori letu. Mwaka 1996 jamaa yote ilivuka ziwa kwa mtumbwi, ikakaa kambini Nyarugusu, Tanzania. Waliporudi, nyumba ilibaki kuta tu. Kabati lilikuwa kwa jirani, kuku wanalala ndani, na mlango mmoja ulikwisha kuchomwa. Mama mkwe alilikomboa kwa kitenge. Katika nyumba ile hakuna kitu kingine kilichoguswa na mikono ya baba yake.

Niliomba radhi.

Wengine watasema: ni mambo ya wakoloni, ya nini kuyaweka? Lakini kuchanganya vya Ulaya na vyetu si jambo jipya. Bibi Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, katika kitabu chake cha mwaka 1886 alieleza vyumba vya kwao: ndani ya kuta mna nafasi za rafu, zimepangwa sahani za kauri, vyombo vya kioo na saa za Ulaya. Vilitoka mbali, lakini nyumba ilibaki ya Kiunguja. Wenyewe ndio waliochagua mahali pa kila kitu.

Nasi tulifanya hivi. Tulisugua mbao kwa msasa, tukapaka verni nyepesi mara mbili. Rangi hatukuweka, maana inaficha uzuri wa mti. Miguu iliyoliwa fundi aliikata, akaunga mipya. Kila mguu tuliusimamisha ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya motere kidogo, mchwa wasipande. Watoto wadogo waangaliwe wasiyaguse. Tuliliacha mbali na ukuta kiasi cha kiganja, hewa ipite, na makopo tuliyaweka juu ya matofali, kwani mwaka 2024 sote tuliona ziwa linavyoweza kupanda.

Penye mlango uliopotea tulitundika pazia la kitenge. Juu tuliweka kitambaa cha kroshe, taa ya zamani na birika, basi. Ukijaza vitu kumi, hakuna kinachoonekana. Chini, mkeka na mtungi wa udongo wenye maua ya uani. Gharama kubwa ilikuwa verni na fundi.

Sasa wageni wakiingia, wanauliza: «Hili mlilipata wapi?» Mama mkwe anavuta kiti, anaanza kueleza, na wajukuu wanasikiliza jina la babu yao.

Wiki hii, mama, kabla hujauza au kuchoma kitu cha zamani, muulize mzee wa nyumbani kilitoka wapi. Wazee hawatungojei.

Tuonane juma lijalo.